Daraja la Waendao kwa Miguu: Jinsi ya Kuongoza Wanafunzi Kulisanifu na Kutengeneza Modeli Yake

Mito mingi ya Kitui na Makueni hukaa mikavu sehemu kubwa ya mwaka. Tiva, Thua, Enziu, Nzeeu, Kaiti, Kikuu: ukipita huko mwezi wa Agosti utakuta mchanga, visima vilivyochimbwa kwa mkono na nyayo za punda. Watoto huvuka asubuhi na jioni bila kuwaza. Halafu mvua hunyesha kwenye vilima vya mbali, na mto ukashuka kwa kishindo huku jua likiwaka hapo kivukoni. Asubuhi mtoto alipita pakavu. Jioni kuna maji ya kahawia kati yake na nyumbani kwao.

Wakazi wanajua gharama yake. Jumamosi tarehe 4 Desemba 2021, basi lililobeba watu waliokuwa wakienda harusini lilizama katika mto Enziu karibu na Mwingi, na watu zaidi ya 30 wakafariki. Hilo lilikuwa basi, chombo cha tani nyingi. Mtu mzima aendaye kwa miguu anaweza kuangushwa na maji ya kasi yenye kina cha sentimita 15 tu, maji ambayo hayajakaribia hata magoti.

Kwa hiyo mwalimu anapotafuta mradi wa uhandisi kwa wanafunzi wake, hana haja ya kutafuta mbali. Tangu Januari 2026, wanafunzi wa kwanza wa Gredi ya 10 wameingia shule za upili za juu, na waliochagua mkondo wa sayansi, teknolojia, uhandisi na hisabati wanahitaji kazi ya mikono yenye maana. Vyuo vya ufundi navyo vina vijana wanaosomea ujenzi. Kusanifu daraja la waendao kwa miguu, na kulitengenezea modeli, ni kazi inayoweza kumalizika katika muhula mmoja kwa fedha kidogo. Lakini ikiongozwa vibaya, hubaki kuwa pambo la vijiti juu ya kabati la ofisi ya mwalimu mkuu. Makala hii inaeleza jinsi ya kuiongoza ili mwishowe kuwe na kitu ambacho kijiji na wadi vinaweza kukitumia.

Anzeni mtoni

Kosa la kawaida ni kuanza na umbo. Wanafunzi wameona picha ya daraja zuri mahali fulani, wanataka kulitengeneza, na mto unatafutwa baadaye wa kulikalisha. Kiongozi akubali kuwaudhi kidogo wiki ya kwanza: hakuna kuchora. Kwanza ni kwenda mtoni wakati wa kiangazi, na mtu mzima anayejua eneo hilo, na kukaa pale saa zile ambazo watu wanavuka.

Hesabuni wanaopita na wanachobeba. Mama aliyefunga mtungi wa lita 20 mgongoni kwa ukamba wa kichwani anahitaji nafasi gani? Punda mwenye mitungi minne, miwili kila upande, amebeba maji ya kilo 80 na upana wake unakaribia mita moja. Je, daraja litampitisha punda au ni la watu tu? Na bodaboda je? Wanafunzi wengi watajibu haraka kuwa bodaboda zikatazwe. Waulizeni akina mama waliowahi kumkimbiza mgonjwa kituo cha afya usiku, mtasikia jibu lingine. Swali hili halina jibu sahihi kwenye kitabu. Lina jibu la watu wa kivuko kile, na jibu hilo litabadilisha upana, uzito na bei ya daraja lote. Ndiyo maana liulizwe kabla ya penseli kugusa karatasi.

Pili, tafuteni alama ya mafuriko. Mto huacha saini yake: majani makavu na takataka zilizonasa kwenye matawi, mstari wa tope kwenye mwamba, ua lililolala upande mmoja. Pimeni kimo cha alama hiyo kutoka kitandani mwa mto. Kisha waendeeni wazee. Waliokuwepo wakati wa El Niño ya 1997 na 1998 wanakumbuka maji yalifika kwenye mti gani, na mafuriko ya mwisho wa 2023 na ya Aprili na Mei 2024 yako wazi akilini mwa kila mtu. Wazee watatu wakionyesha sehemu tatu tofauti, andikeni zote tatu na mchukue ya juu kabisa. Sakafu ya daraja lazima ikae juu ya hapo, na nafasi ya ziada iachwe, mara nyingi mita moja au zaidi, kwa sababu mafuriko hayaji na maji peke yake. Huja na magogo, na gogo linalosukumwa na mto lina nguvu ya kung'oa kitu ambacho maji matupu yangekiacha.

Upana wa mto hupimwa kwa tepu ukiwa mkavu. Ukiwa na maji, hakuna mwanafunzi anayeingia, na hilo halijadiliwi. Hesabu za darasani zinatosha. Chagueni mti ulio ng'ambo, ukingoni. Simameni mkabala nao upande wenu, kisha tembeeni kando ya mto mita 20 na mpige mambo. Endeleeni mita 20 nyingine kwa mstari uleule. Hapo geukeni mgongo kwa mto, kwa pembe mraba, na mtembee kuuacha mto mpaka ile mambo na ule mti wa ng'ambo vionekane kwenye mstari mmoja. Umbali mliotembea kutoka ulipogeuka ndio upana wa mto. Ni pembetatu mbili zinazolingana, zile zile ambazo wanafunzi hulalamika kuwa hazina kazi maishani.

Kulinganisha kimo cha kingo mbili, mwombeni fundi wa ujenzi awaonyeshe anavyotumia mpira mwembamba unaoonyesha ndani, uliojazwa maji. Maji hukaa usawa mmoja pande zote mbili za mpira, hata ukiwa na urefu wa mita nyingi. Fundi huyo huenda hakupita chuo, lakini somo lake la nusu saa litawafaa kuliko kurasa kumi za maelezo.

Mchanga unaotembea

Hapa ndipo mito yetu inapotofautiana na ile ya vitabuni. Kitanda cha mto wa msimu ni mchanga, na mafuriko yanapopita, mchanga huo nao husafiri. Maji huchimba kuzunguka kitu chochote kilichosimama njiani, na nguzo iliyoonekana imezama mita mbili wakati wa kiangazi inaweza kubaki bila kitu chini yake usiku mmoja. Kuongezeka kwa kasi ya maji nako hakuendi sawasawa na msukumo wake: kasi ikiongezeka mara mbili, msukumo huongezeka mara nne. Mwanafunzi anayechora nguzo katikati ya mto, kwa kuwa inafanya hesabu kuwa rahisi, aambiwe aeleze itakanyaga wapi. Kama kuna mwamba, sawa. Kama ni mchanga, afadhali daraja liruke mto wote na kukanyaga kingo tu.

Uchotaji wa mchanga huongeza tatizo hilo. Mchanga ukichukuliwa kwa malori, kitanda cha mto hushuka, na misingi iliyokuwa imefunikwa huachwa wazi. Makueni ilitunga sheria ya kuhifadhi na kutumia mchanga mwaka 2015, na sababu mojawapo ya kujali mchanga ni hii. Kundi la wanafunzi liulize kama mchanga unachotwa karibu na kivuko chao, upande wa juu au wa chini wa mto, na liandike jibu katika ripoti.

Wengine watapendekeza kutumia ukuta wa bwawa la mchanga kuwa kivuko, kwani kaunti zetu zina mengi na watu huyapita kwa miguu wakati wa kiangazi. Ni wazo lenye akili, ila ukuta huo umejengwa ili maji yapite juu yake. Siku ambayo kivuko kinahitajika zaidi ndiyo siku ambayo ukuta umefunikwa.

Umbo gani?

Baada ya vipimo, kundi litakuwa na mambo mawili makuu ya kuchagua. Kwa mto mwembamba, boriti au fremu ya pembetatu inatosha. Pembetatu ndilo umbo ambalo haliwezi kusukumwa likapinda bila upande wake mmoja kuvunjika, kurefuka au kufupika. Mraba wa vijiti vinne ukisukumwa pembeni hulala mara moja. Wanafunzi wajaribu wenyewe kwa vijiti na misumari midogo. Itawachukua dakika tano na hawatasahau.

Kwa mto mpana, wa mita 30, 40 au zaidi, daraja la kuning'inia kwa kebo za chuma huwa na unafuu mkubwa, na ndilo ambalo shirika la Bridging the Gap Africa limekuwa likijenga vijijini humu nchini pamoja na jamii. Jambo ambalo wanafunzi hulikosea hapa ni mlegeo wa kebo. Wanaona kebo iliyokazwa kuwa ni imara, na ile iliyolegea kuwa ni dhaifu. Waulize juu ya kamba ya kuanikia nguo. Kamba iliyokazwa sana, ukitundika blanketi lililolowa, huvuta miti yake mpaka ikainama. Iliyolegea kidogo hubeba blanketi lilelile na miti ikatulia.

Tuweke tarakimu. Chukua mto wa mita 40 na daraja lenye upana wa mita moja. Viwango vya Ulaya vya kusanifu madaraja ya watu hupendekeza kukadiria msongamano wa takriban kilo 500 kwa kila mita mraba, yaani watu waliosimama bega kwa bega. Ni nyingi, lakini fikiria siku ya mazishi au ya mnada wa mbuzi. Kwa mita mraba 40 hiyo ni tani 20. Ongeza uzito wa daraja lenyewe, tuseme tani 4, jumla tani 24. Ili kupata mvuto wa ulalo wa kebo, zidisha uzito wote kwa urefu wa daraja, kisha gawanya kwa mara nane ya mlegeo. Mlegeo ukiwa mita 4, jibu ni tani 30. Mlegeo ukipunguzwa kuwa mita 2, jibu linakuwa tani 60.

Mzigo ni uleule na mto ni uleule, lakini kwa kukaza kebo tu nanga za ukingoni zimebebeshwa mara mbili. Na nanga hizo zimo ardhini, katika udongo wetu mwekundu unaolainika ukilowa. Mwanafunzi aliyefanya hesabu hii kwa mkono wake mwenyewe hatalitazama daraja la kuning'inia tena bila kutafuta kwa macho mahali kebo zilipofungwa.

Lipo pia suala la kuyumba. Daraja la watembea kwa miguu la Millennium, London, lilifunguliwa Juni 2000 na likafungwa baada ya siku mbili kwa sababu liliyumba pembeni. Halikuwa dhaifu. Watu walipohisi likisogea kidogo walipanua miguu na kufuatana na mwendo wake bila kujua, na hivyo wakalisukuma zaidi. Lilifunguliwa tena Februari 2002 baada ya kuwekewa vifaa vya kutuliza mtikisiko. Kengele ya shule ikilia saa kumi na watoto mia moja wakakimbilia daraja jepesi, hali ni ya namna hiyohiyo. Kundi lifikirie kebo za pembeni za kulishikilia daraja, na lifikirie pia matundu ya vishikio: mtoto wa chekechea hapaswi kupenya.

Kiongozi afanye nini, na aache nini

Kundi la watu sita hadi wanane linatosha. Wakizidi hapo, wawili watafanya kazi na wengine watashika simu. Kazi zigawanywe kwa majina: wa vipimo, wa michoro, wa hesabu, wa ujenzi wa modeli, wa daftari, na wa kuzungumza na wakazi. Zibadilishwe katikati ya muhula. Tunasisitiza jambo hili kwa sababu bila kubadilishana, wasichana huishia kushika daftari na kupaka rangi, wavulana wakishika msumeno, na hakuna aliyeamua hivyo kwa sauti. Angalia pia yule mkimya. Mara nyingi ndiye anayeishi ng'ambo ya mto, na anajua mambo ambayo wenzake wanayakisia.

Kiongozi mwenyewe, awe mwalimu, mkufunzi au mwanafunzi wa mwaka wa juu, asishike msumeno. Ni vigumu. Anaona kiungo kinagundishwa vibaya na mkono unamwasha. Lakini akikirekebisha, modeli inakuwa yake na wanafunzi wanakuwa vibarua. Kazi yake ni kuuliza: umejuaje? Namba hii imetoka wapi? Nani amepima mara ya pili? Kila uamuzi uandikwe kwenye daftari moja, na tarehe, na sababu yake. Siku mchoraji akiugua, mwingine anafungua daftari na kuendelea.

Mabishano yatakuja, hasa kuhusu umbo. Yasiamuliwe kwa kura wala kwa sauti kubwa. Kabla hata michoro haijawekwa mezani, kundi likubaliane ni mambo gani yanapimwa na kila moja lina alama ngapi: usalama wakati wa mafuriko, bei, vifaa kupatikana Wote, Kitui mjini au Kibwezi, urahisi wa kukarabati bila fundi kutoka mbali, nafasi ya punda. Kisha kila mchoro unapewa alama. Mwenye mchoro ulioshindwa ataona ulishindwa wapi, na mara nyingine sehemu yake moja nzuri itachukuliwa. Utaratibu huu si mgeni kwetu. Kundi la mwethya halianzi kuchimba kabla ya kukubaliana shamba la nani na kwa siku ngapi.

Modeli, na udanganyifu wake

Vifaa ni vya kawaida: vijiti vya mishikaki au vya aiskrimu, uzi wa katani kwa kebo, gundi ya mbao, ubao wa kusimamishia. Skeli ya 1 kwa 20 ni nzuri kwa daraja la mita 40, kwani modeli inakuwa ya mita 2 na upana wa sentimita 5.

Sasa inafika sehemu ambayo tungependa kila kiongozi aielewe vizuri, maana ndiyo inayopuuzwa kuliko zote. Modeli huonekana imara kuliko daraja litakavyokuwa. Mtoto anaweka kitabu juu yake, haivunjiki, watu wanapiga makofi. Makofi hayo hayana msingi.

Ukikuza kitu mara 20 kwa urefu, upana na kimo, uzito wake hauongezeki mara 20. Unaongezeka mara 20 kwa 20 kwa 20, yaani mara 8,000. Lakini nguvu ya kijiti hutegemea unene wa mkato wake, na huo umeongezeka mara 20 kwa 20 tu, yaani mara 400. Kwa hiyo kila sentimita mraba ya daraja kubwa hubeba uzito wa daraja lenyewe mara 20 zaidi ya modeli. Ni sababu ileile inayomfanya siafu abebe kitu kizito kuliko yeye huku tembo akihitaji miguu minene kujibeba tu.

Jaribio la haki basi huwa hivi, tukichukulia kwamba modeli ina maumbo na vifaa vya aina moja na daraja. Daraja letu la mfano lina tani 4, kwa hiyo modeli yake ina gramu 500. Ili modeli ihisi uzito wake kama daraja litakavyouhisi, lazima ibebe jumla ya kilo 10. Yenyewe ina nusu kilo, basi ongeza kilo 9.5 kabla ya kumfikiria mtu yeyote. Wale watu wa tani 20 wanagawanywa kwa 400 na kuwa kilo 50. Naam, uzito wa mfuko mzima wa saruji juu ya vijiti vya mishikaki. Hapo kundi litanyamaza kidogo, na huo ukimya ni mzuri. Vijiti havitakuwa chuma wala mbao ngumu, kwa hiyo namba hizi hazithibitishi daraja halisi. Zinawafundisha ukubwa wa kazi inayodaiwa.

Mzigo uwe mchanga mkavu wa mtoni, umepimwa kwenye mizani ya duka na kumwagwa polepole kwenye vifuko vilivyotandazwa urefu wote wa sakafu. Lita moja ni kama kilo moja na nusu au zaidi kidogo. Kabla ya kumwaga, kila mwanafunzi aandike kwenye daftari modeli itavunjikia wapi na kwa kilo ngapi. Pimeni jinsi inavyobonyea kila baada ya kilo mbili. Msisimame mnapofika kilo mlizotarajia. Endeleeni mpaka ivunjike.

Wanafunzi watalia kwa ajili ya kazi ya wiki sita. Wavumilieni, lakini msiwaonee huruma kiasi cha kuacha. Modeli isiyovunjwa haijasema lolote. Ikivunjika, kwa kawaida kijiti hakikukatika, kiungo kiliachia. Au kijiti kirefu kilichokuwa kikigandamizwa kilijikunja kama upinde kabla ya kufika nguvu yake. Kikishikiliwa katikati, urefu wake unakuwa nusu, na uwezo wake wa kuhimili mkunjo huo huongezeka mara nne. Au nanga ziling'oka kutoka ubaoni, na mtu anakumbuka ile kamba ya nguo. Piga picha, andika, jengeni ya pili. Muda wa ya pili uwe kwenye ratiba tangu mwanzo, la sivyo mtihani wa mwisho wa muhula utaumeza.

Kutoka darasani hadi wadi

Modeli, hata ikibeba kilo 60 bila kutikisika, si ruhusa ya kujenga. Daraja halisi husanifiwa na kuidhinishwa na mhandisi aliyesajiliwa na Bodi ya Wahandisi ya Kenya chini ya Sheria ya Wahandisi ya 2011. Kazi ya ujenzi ndani ya mto huhitaji kibali cha Mamlaka ya Rasilimali za Maji, na Mamlaka ya Kitaifa ya Usimamizi wa Mazingira ina sauti yake. Shule ikitandika magogo juu ya mto kwa sababu wanafunzi walipata alama nzuri, imewaweka watoto hatarini kuliko kivuko cha mchanga.

Thamani ya kazi hii kwa kaunti iko kwenye daftari. Mhandisi anayetumwa kukagua kivuko huwa na siku moja pale, mara nyingi wakati wa kiangazi. Daftari lina alama tatu za mafuriko na majina ya miti, idadi ya watu wanaovuka asubuhi na jioni, siku ambazo wanafunzi hawakufika shule kwa sababu ya maji, mahali mwamba unapoonekana, mahali mchanga unapochotwa. Mambo hayo hakuna setilaiti inayoyapiga picha.

Siku za kukosa kuvuka zihesabiwe kwa uangalifu wa pekee. Huko Nicaragua, watafiti Wyatt Brooks na Kevin Donovan walichapisha mwaka 2020 matokeo ya kufuatilia vijiji vyenye mito inayofurika ghafla kama yetu. Pasipo daraja, mapato ya watu kutokana na vibarua yalishuka kwa asilimia 18 mafuriko yalipokuja. Palipojengwa daraja la miguu, upungufu huo uliondoka. Hesabu ya namna hiyo, hata ikiwa ndogo ya kijiji kimoja, ina uzito katika kikao cha bajeti kuliko ombi la maneno.

Wakati nao ni muhimu. Kwa mujibu wa Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma, mpango wa maendeleo wa kila mwaka wa kaunti huwasilishwa katika bunge la kaunti kabla ya Septemba 1, na mwaka wa fedha unaoupangia huanza Julai 1 inayofuata. Kundi linaloanza vipimo Januari, likavunja modeli ya kwanza Machi na kuona mvua za Aprili kwa macho yake, linaweza kufika kwenye vikao vya ushirikishwaji wa umma vya wadi likiwa na modeli mkononi na daftari kwapani. Msimamizi wa wadi atawaeleza wakazi tarehe za vikao hivyo. Mwanafunzi yeyote anaweza kusimama kuzungumza, akiambatana na mwalimu au mzazi. Nakala ya daftari iachwe kwa msimamizi wa wadi, nyingine kwa chifu, na daftari lenyewe libaki shuleni kwa kundi la mwaka unaofuata, ambalo litaongeza alama mpya ya mafuriko baada ya mvua za Oktoba hadi Desemba.